Mababu wa Mwokozi na Mtoto wa Feza

Siku ya kwanza niliposimama kufundisha, kule Lokandu, nilikuwa bado nimevaa kikwembe cheusi cha matanga. Mume wangu ndiye aliyekuwa katekista wa kituo kile. Homa ilimchukua wakati wa mvua, na Padri Mkuu alipokuja kwa mtumbwi wa injini kumwombea misa, aliniita pembeni, nje ya shapeli, kanisa letu dogo la udongo.

"Mama Yusta," akaniambia, "wakatekumeni wanangoja. Uwafundishe mpaka nitapata muntu mwingine."

Huyo mtu mwingine hakupatikana. Nilifundisha mpaka nywele zangu zikawa nyeupe.

Vijana wa leo wanadhani katekista ni yule anayesoma matangazo baada ya misa. Wakati wetu padri alifika kituoni mara chache, na siku zote nyingine kituo kilikuwa mikononi mwa katekista. Aliongoza sala ya Jumapili, alizika wafu, alipatanisha waliogombana, na zaidi ya yote aliwatayarisha wakatekumeni, yaani watu wanaojifunza dini kabla ya kubatizwa. Chombo chetu cha kazi kilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, tulichokigonga badala ya kengele, pamoja na furushi la picha kubwa za rangi. Mimi nilikuwa na la ziada: sauti ya mume wangu masikioni, maana nilimsikia akifundisha miaka yote nikichambua mchele nyuma ya shapeli.

Siku ile nilitundika picha ya Mwokozi amelala katika hori ya ng'ombe. Nikaeleza nilivyoweza. Nilipomaliza, mvuvi mmoja mzee, aliyekaa karibu na mlango ili aweze kuchungulia nyavu zake, akainua mkono.

"Mama, huyu Mwokozi, ukoo yake njo gani? Baba ya baba yake njo nani?"

"Ni Mwana wa Mungu, baba," nikajibu.

"Hiyo nimesikia. Ninauliza kwa upande wa watu."

Nikaigeukia picha yangu. Wengine wakaanza kunong'ona, na mvuvi akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyeona bidhaa isiyo na mwenyewe. Mchana nilimpelekea Padri Mkuu swali lile kabla hajapanda mtumbwi wake. Alikuwa mzungu mzee, ndevu zake zimegeuka rangi ya tumbako, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa. Alicheka mpaka akashika ukingo wa mtumbwi.

"Njo swali la kwanza la kila muntu wa huku, Mama. Usianze na hori. Uanze na wazee. Muntu asiye na babu, watu wa Maniema hawamufungulie mulango."

Akaahirisha safari. Tukaketi barazani kwangu mpaka jua likapoa, akinifundisha ule ukoo. Abrahamu, mzee aliyeahidiwa kwamba kwa uzao wake mataifa yote yatabarikiwa, naye hana hata mtoto mmoja wa mkewe. Isaka, aliyezaliwa wakati mama yake ameshacheka kwa kutoamini. Yakobo mwenye hila, aliyeishia kuchechemea. Yuda mwanawe, na baada ya vizazi vingi mfalme Daudi, kisha wafalme wabaya na wazuri, kisha utumwa wa ugenini, kisha watu wasiojulikana kabisa, mpaka kwenye nyumba ya seremala. Ahadi ile ilikwenda kama moto ambao wanawake wanapeana asubuhi juu ya kigae, nyumba hadi nyumba. Anayeubeba huenda ni mchafu au mgomvi, lakini moto ni ule ule.

Tangu hapo nilifundisha kwa kuwapanga watu. Kila mmoja alipewa jina la babu mmoja, akasimama na kuweka mkono begani mwa aliye mbele yake. Mvuvi yule aliomba awe Abrahamu. Alibatizwa Pasaka iliyofuata, na mpaka kufa kwake watu wa Lokandu walimwita hivyo.

Kituo changu cha pili kilikuwa Kalima, kwenye mgodi wa bati. Kule nilikuta watu wa namna nyingine. Wafanyakazi walitoka pande zote za nchi, wakakaa katika makambi yenye nyumba za safu, na watoto wao hawakujua hata mto wa babu zao unaitwaje. Padri Paroko wa pale alikuwa Mkongo, mrefu, mkali, mwenye viatu vinavyong'aa hata wakati wa matope. Hakupenda michezo yangu ya kupanga watu. Alitaka majina yakaririwe yote, bila kukosa, na mtihani aliusimamia mwenyewe.

Siku moja mtoto aliruka majina katikati, nami nikamtetea. "Padri, hao ni wadogo tu, hakuna habari zao."

Paroko akanigeukia. "Mama Katekista, unaporuka jina, unamuruka muntu. Na yule unamuruka njo alibeba ahadi siku ile. Bila yeye haifike kwetu."

Nilimwogopa mtu yule miaka yote niliyofanya kazi chini yake, na neno hilo nililichukua kwake.

Vita ilinikuta Alunguli, ng'ambo ya mto kutoka mjini Kindu. Nilikuwa nimehamishiwa pale chini ya Paroko kijana, aliyetoka seminari juzi, mpole, mwenye kukonda. Treni iliacha kuja. Chumvi ikawa kitu cha kuombana kwa kijiko. Wenye silaha walikuwa wa namna nyingi, kila kundi na jina lake, na raia hakuwa na rafiki kati yao. Wanaume waliogopa kutoka mjini, maana walichukuliwa kubeba mizigo wasirudi. Kwa hiyo wanawake ndio waliokwenda mashambani, na wengi walirudi na yale ambayo hawakuweza kuyasema.

Feza hakurudi. Alikuwa binti wa Mzee Kalonda, mkuu wa baraza la parokia yetu, mtu aliyestaafu reli, aliyenyooka kama nguzo. Feza alikwenda kung'oa muhogo pamoja na wenzake watatu, wakatekwa. Aliporudi mvua mbili zilikuwa zimepita, amekonda, na tumbo lake liko mbele. Mama yake alikuwa ameshakufa. Mzee alimfungulia mlango wa jikoni, wala si wa nyumba. Feza akajifungulia mle jikoni, mtoto wa kiume, nami nilikuwa miongoni mwa waliompokea.

Mzee Kalonda hakwenda kumwona. Kwetu ni babu anayempa mtoto jina la ukoo. Anampakata, anamtazama, analitamka, na toka hapo mtoto ana watu. Mtoto wa Feza alikaa bila jina mpaka alipoanza kucheka akitazama moto. Majirani walimwita "wa jikoni".

Nilikwenda kuzungumza na Mzee. Alinipokea vizuri, akanipa kiti.

"Mama Yusta, miye sichukie mutoto. Mutoto hana kosa," akasema. "Lakini nitamuandika wapi? Baba yake njo nani? Ukoo haiko soko, kila muntu anaingia tu."

"Atakua wapi, baba?"

"Iko muchuuzi mumoja atamupeleka Kalima, kwa watu hawana mutoto. Siku moja mbele ya Noeli. Feza ataolewa, maisha itaendelea."

Alisema hayo kwa utulivu, na nilijua kwamba usiku hakuwa analala, maana macho yake yalikuwa mekundu. Feza alikuwa akisikiliza nyuma ya ukuta wa mabanzi. Nilipopita jikoni alinishika mkono.

Jumapili ya mwisho ya Majilio, yaani wiki zile za kungoja Noeli, nilifundisha watu wazima ukoo wa Mwokozi, kama nilivyofanya kila mwaka. Na kila mwaka nilisimama kwa wale wanawake wanne wanaotajwa kati ya wanaume. Tamari, aliyenyimwa haki yake ya mjane, akaipata kwa baba mkwe wake kwa njia ambayo sitaieleza mbele ya watoto. Rahabu wa Yeriko, mwenye nyumba ambayo wanaume waliingia na kutoka. Ruti, mgeni wa taifa lililochukiwa. Na yule mke wa askari Uria, ambaye mfalme alimtuma mtu amchukue. Wala hakuna aliyemuuliza kama anataka. Mwokozi hakuzaliwa kwa kuwapita hao pembeni. Alipitia kwao.

Mafundisho yalikuwa yale yale ya miaka yote, lakini watu walikuwa wameona mengi mwaka ule. Mama mmoja akaanza kulia, akafuata mwingine. Kisha vichwa vikageuka, kimoja baada ya kingine, kumtazama Feza mlangoni na mtoto wake mgongoni.

Mzee Kalonda akasimama, akachukua kofia yake, akatoka. Alinisubiri nje.

"Umenivua nguo mbele ya parokia," akasema. "Tangu leo usikanyage kwangu."

"Baba, fundisho hili ni la kila mwaka."

"Kila mwaka haikuwa binti yangu!"

Akaenda zake. Nilimweleza Paroko, naye akashika kichwa. "Mama, miye ninaweza kubatiza mutoto, hata leo," akasema. "Lakini jina la ukoo haitoke kwa padri." Akafikiri kidogo. "Hosti za misa zimekwisha, na divai. Kesho uvuke Kindu, uziombe kwa askofu." Kisha, bila kunitazama: "Mzee Kalonda iko na dada mukubwa kule, Kasuku. Ninajua tu hiyo."

Kesho yake nikavuka. Mtumbwi ulijaa watu walionyamaza, na kwenye kingo zote mbili za mto walikuwapo wenye bunduki wakifungua vikapu. Baada ya kupata hosti niliuliza njia mpaka nyumba ya Bibi Mwamini. Alikuwa ameolewa ujanani na fundi cherehani Mwislamu, naye akawa Mwislamu, mjane sasa, mdogo wa mwili, kanga yake imefungwa kichwani imara. Nilimkuta akipepeta mpunga. Nikamweleza yote. Aliendelea kupepeta mpaka nikadhani hajanisikia.

"Kalonda alikuambia mutoto hana ukoo?"

"Ndiyo, bibi."

Akaweka ungo chini. "Nitavaa viatu."

Bibi yule hakuwa amevuka mto tangu vita ianze. Ukingoni askari mmoja alimtaka ageuze kikapu chake, na yeye akakigeuza akimwita "mjukuu yangu", akamuuliza kama mama yake yuko hai. Askari alitupungia mkono tupite.

Tulimkuta Mzee Kalonda barazani akitengeneza kiti. Alipomwona dada yake alisimama upesi, akampa mikono miwili. "Yaya, dada yangu, katika vita hii? Ju ya nini umevuka?"

"Ukae, Kalonda. Na Mama Yusta naye akae, miye njo nimemuleta." Bibi Mwamini hakukubali maji. "Unajua kusema ukoo yetu. Kwa matanga zote unaisema wewe. Uiseme, niisikie."

Mzee alishangaa, lakini hakuna mdogo anayemkatalia dada mkubwa. Akasema kwa sauti ile ya matangani: "Miye Kalonda, mwana wa Sefu, mwana wa Kimwanga, wa nyumba ya Mulamba..."

"Simama. Kimwanga, mwana wa nani?"

"Wa nyumba ya Mulamba."

"Sikuuliza nyumba. Baba yake."

Mzee akainamia kiti chake. Nikaona mkono wake umeshika mguu wa kiti kile.

"Baba alitufundisha kuruka pale," Bibi akasema taratibu. "Wewe hukuuliza, ulikuwa mwanaume, uliambiwa useme ukasema. Miye nililala na bibi yetu, muke wa Kimwanga, mpaka alikufa. Aliniambia. Wakati wa misafara ya pembe za tembo, watu wa pwani walipita hapa na kamba ya watu. Kulikuwa mwanamuke amechoka, iko na mimba, wakamuacha njiani afe. Mulamba alimuokota. Mimba ya nani, hakuna alijua. Na yeye mwenyewe, sijui kama alijua. Alizaa Kimwanga. Na Mulamba alimubeba akasema, huyu ni wangu. Mulamba alikuwa mupagani, Kalonda. Hakuwa na padri, hakuwa na shehe. Nani alimufundisha?"

Mzee akakisukuma kiti pembeni.

"Yule mwanamuke walimuita Tabu. Jina yake ya kwao, hakuna alimuuliza. Sisi kwetu tunasema Nabii Ibrahimu alikuwa na Hajara, alitupwa jangwani na mutoto, na Mungu alisikia mutoto ule akilia. Ninyi mko na wenu, Mama Yusta amenielezea njiani. Wewe uko na wa kwako, na kila matanga unamuruka."

Watu hungoja nieleze kwamba Mzee alilia pale, akaanguka magotini. Haikuwa hivyo. Aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba kwenye migomba yake, akakaa kule muda mrefu. Bibi Mwamini alitandika mkeka wake na kusali sala yake ya alasiri. Mimi nilisali yangu kimya. Feza alikuwa jikoni anapika sombe ya majani ya muhogo, na harufu yake ilitufikia.

Kisha Mzee akarudi. Hakuja barazani. Aliingia jikoni, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu mkewe afe, akaketi kwenye kigoda kifupi cha wapishi, magoti yake yakafika kifuani. Feza alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Mulete," akasema.

Feza hakusogea. Alidhani mchuuzi amefika. Nilimwona akimkaza mtoto mpaka mtoto akalia.

"Feza, mama yangu," Mzee akasema, na kwetu baba akimwita binti yake hivyo, amemwita kwa heshima kubwa kuliko zote. "Hakuna muntu anamupeleka fasi yoyote. Mulete nimuone."

Alimpokea vibaya, kama mwanaume aliyesahau. Mtoto akashika ndevu zake. Mzee akamtazama, akasema, "Kimwanga." Kisha akamwinamia sikioni na kumwambia ukoo wote, pole pole. Alipofika kwa babu yake Kimwanga hakuruka. Akasema, "mwana wa Tabu, wa nyumba ya Mulamba." Bibi Mwamini, mlangoni, alipiga kigelegele kimoja tu.

Alibatizwa Noeli ile. Feza aliniuliza mtoto wa yule Ruti mgeni aliitwa nani. Nikamwambia Obedi. Akachagua hilo.

Si kila mtu alikubali. Ndugu wawili wa Mzee walikataa kula nyumbani kwake mpaka walipokufa, na mkuu wa baraza akachaguliwa mwingine. Mzee Kalonda hakulalamika. Aliniomba msamaha kwa njia yake: aliniletea kile kiti alichokuwa akikitengeneza, akakiweka mlangoni, akaondoka. Lakini jambo lile lilienea. Miaka iliyofuata, wasichana wengine waliorudi na watoto walipelekwa kwa baba zao wakifuatana na shangazi mmoja wa ukoo, na mara nyingine shangazi huyo alijua kitu. Si nyumba zote zilifunguka. Wengine walibatizwa kwa jina moja tu, na wengine walikwenda, sijui wako wapi. Wao nawataja katika sala kwa sura zao.

Nilistaafu wakati amani, au kitu kinachofanana nayo, ilikuwa imerudi. Katekista wa sasa ni kijana mwenye diploma, mwenye bidii, na mafundisho yake anayaweka katika simu. Ananiuliza maswali, nami namjibu. Mzee Kalonda na Bibi Mwamini wote wamekufa. Obedi Kimwanga ana karakana ya pikipiki karibu na kivuko, ana mke mcheshi kuliko yeye, na Feza anaishi nao.

Watu huniuliza kama sikuchoka kufundisha ukoo ule ule miaka yote, Abrahamu mpaka seremala. Nilichoka na mengi: njia, mvua, mabaraza yasiyokwisha. Ukoo ule haukunichosha. Kila nilipoufundisha kulikuwa na mtu anayeketi nyuma, akidhani mlango umefungwa kwake, na niliweza kuona uso wake unapobadilika. Wengine walingoja Mwokozi kama mfalme wa kuvunja bunduki. Mimi pia nilimngoja hivyo, katika vita. Ila niliyemwona ni yule anayekuja kwa kupitia kwa watu wale wale tunaowaficha.

Mwezi uliopita Feza alikuja kunitembelea na samaki. Tulikuwa tunawaparua, mara msichana akatokea uani, amechoka, vumbi mpaka magotini, mtoto mchanga kifuani. Alisema ametoka upande wa Kibombo, na kwamba katekista kijana amemwambia amwulize Mama Yusta. Kuhusu baba wa mtoto hakusema neno, akatazama chini.

Nikaweka kisu, nikatafuta fimbo yangu ili niinuke. Magoti hayaniitiki upesi siku hizi. Kabla sijasimama, Feza alikuwa ameshanawa mikono. Alivuka ua, akampokea mtoto kutoka kifuani mwa msichana yule, akamtazama uso.

"Karibu, mama," akamwambia msichana. "Umekula?"

Msichana akaanza kulia. Feza akamwongoza ndani, wakapitia mlango wa mbele. Mimi nikaurudisha mkono kwenye samaki wangu, nikaendelea kuparua.